Marafiki wa Ugenini na Mbio za Jumamosi



Siku hizi ni nadra kuingia katika nyumba ya Kiislamu hapa pwani usisikie habari za kijana aliye ng'ambo. Mmoja yuko Maskati, wa pili yuko Doha, wa tatu yuko Uingereza au Marekani. Tukikaa barazani twaulizana habari zao, na maswali yetu hayazidi matatu: Je, ni mzima? Je, amepata kazi? Je, ameleta chochote? Tukijibiwa ya kuwa kijana ni mzima, ana kazi, na mwisho wa mwezi ameleta, sote husema Alhamdulillahi tukageukia mazungumzo mengine. Liko swali la nne ambalo halimjii mtu moyoni, nalo ni hili: Je, huko aliko anaye mtu wa kuzungumza naye?

Mimi nami nalikuwa katika hao wasiouliza, mpaka yalipomfika mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, haya nitakayoyasimulia. Amenipa ruhusa niyaandike, kwa sharti nisimtaje jina.

Kijana huyu aliondoka Tanga mwezi wa Oktoba, mwaka 2024, kwenda Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja iliyoko kusini-magharibi mwa London, si mbali na mto Thames. Wasomaji wengine wajua ya kuwa tangu tarehe 11 Machi 2024 Serikali ya Uingereza iliwakataza wageni waliokuwa wakiingia kwa kazi hii kufuatana na wake zao na watoto wao. Basi alimwacha mkewe na binti yake mdogo kwa mama yake, akenda peke yake.

Kazi yake ilikuwa ya usiku, tangu saa mbili ya usiku mpaka saa mbili ya asubuhi. Alikodi chumba katika nyumba ya watu watano, kila mmoja ana ufunguo wake na sufuria yake, nao walikuwa wakipishana jikoni kama watu wanavyopishana sokoni. Miezi mitatu ilipita asijue majina yao. Wale wazee aliowatunza walimpenda, lakini mzee aliyesahau jina la mwanawe mwenyewe hawezi kuwa mwenzi wa mtu; jioni humpa mkono, na asubuhi humwuliza yeye ni nani.

Msomaji atauliza: Na msikiti je? Msikiti upo, naye hakuwacha kwenda sala ya Ijumaa. Walakini hapana budi kusema kweli. Huko watu husali wakatoka mbio kurudi makazini, kwa kuwa Ijumaa ni siku ya kazi kama siku nyingine. Wengi wa wasalio katika msikiti ule hutoka Pakistani na Bangladeshi, na wakisimama nje huzungumza lugha zao. Salaam alipewa, na mkono alishikwa, lakini hapakuwa na mtu aliyemwuliza anakaa wapi. Sisemi haya kwa kuwalaumu. Hapa kwetu pia, mgeni akisali safu ya nyuma miezi mitatu, ni wangapi kati yetu waliowahi kumwuliza anakula wapi?

Aliyetambua kwanza ni mama yake. Alinijia siku moja baada ya Alasiri akanambia, "Kaka, mwanangu sauti yake imepungua." Nikadhani ni maneno ya mama tu. Usiku nikampigia, na katika mazungumzo nikamwuliza, "Ukiugua leo usiku, nani atajua?" Akanyamaza kitambo, kisha akajibu, "Kazini watajua, mjomba, kwa kuwa sitafika."

Jibu lile lilininyima usingizi. Baadaye nalifahamu ya kuwa si maradhi ya wageni peke yao. Waingereza wenyewe yamewafika, hata mwaka 2018 Serikali yao ilimpa waziri mmoja kazi ya kushughulikia upweke wa raia. Sisi tuliozoea kufunguliwa mlango na jirani bila ya hodi twaweza kulicheka jambo hili, lakini si la kuchekwa.

Sasa nitaeleza namna mambo yalivyogeuka. Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, mwaka 2025, mpwa wangu alikuwa ametoka kazini, akakata njia ndani ya bustani kubwa iitwayo Bushy Park. Bustani hiyo imepakana na jumba la kifalme la Hampton Court, na ndani yake hutembea kulungu wenye pembe za matawi, hawamwogopi mtu. Alikuwa akienda upesi kwa sababu ya baridi. Mara akatokea mama mmoja wa Kiingereza, amevaa kizibao cha rangi ya manjano inayong'aa, akampigia makofi na kumwambia, "Vizuri sana! Umebakiwa na kidogo tu!" Akageuka nyuma kutazama anayeambiwa, akaona kundi la watu waja mbio. Yule mama alimdhani naye ni mkimbiaji. Anasema alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na hakumbuki lini alikuwa amecheka kabla ya siku ile.

Aliwauliza ni mashindano gani, akaambiwa si mashindano. Kila Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, watu hukutana pale wakaenda kilomita 5, atakaye kukimbia akimbie na atakaye kutembea atembee. Hakuna ada. Mtu hujiandikisha mara moja tu kwa intaneti, akapewa kikaratasi chenye mistari myeusi ya kuonyesha kwenye kituo cha mwisho, ili saa yake ipate kuandikwa.

Jambo hili huitwa parkrun, na asili yake yafaa ijulikane, kwa kuwa ndiyo siri ya habari yote. Aliyelianzisha ni Paul Sinton-Hewitt, mtu aliyezaliwa nchi ambayo leo yaitwa Zimbabwe, akalelewa Afrika ya Kusini, kisha akahamia Uingereza; yaani naye ni mgeni wa kuja. Mwaka 2004 alikuwa katika dhiki: amepoteza kazi, na mguu umeumia hawezi kukimbia, naye mbio ndizo zilizokuwa zikimkutanisha na rafiki zake. Akaona asipofanya hila atawapoteza na hao pia. Basi akawaita waje Bushy Park tarehe 2 Oktoba 2004, yeye awashikie saa, wakimaliza wakae pamoja wanywe kahawa. Walikuja wakimbiaji 13. Vipande vya kuwapa wanaofika, ili ijulikane nani wa kwanza na nani wa pili, vilikuwa ni vile vyuma vya duara vyenye tundu ambavyo mafundi wetu huviita washa, vimegongwa nambari. Leo mbio kama hizo hufanywa katika nchi zaidi ya 20, na katika Afrika ya Kusini zilianza mwaka 2011. Lakini mwanzo wake ulikuwa ni mtu mmoja asiyeweza kukimbia, aliyeogopa kubaki bila ya wenziwe.

Mpwa wangu alipoleta habari hii, mimi, Mungu anisamehe, nalimkemea. Nalimwambia kwa sauti ya simu, ili asikilize mara mbili, ya kuwa amekwenda kutafuta riziki wala hakwenda kukimbia bustanini pamoja na watu walio nusu uchi.

Wala sikuwa na hofu ya bure. Viko vyama vya mbio vilivyozaliwa na upweke wa ugenini ambavyo Mwislamu hana mahali ndani yake. Mashuhuri katika hivyo ni kile kiitwacho Hash House Harriers, kilichoanzishwa Kuala Lumpur mwaka 1938 na Waingereza waliokuwa wakifanya kazi huko Malaya, mmoja wao Bwana Gispert, mtunza hesabu, aliyeuawa vitani Singapore mwaka 1942. Hao nao walikuwa watu walio mbali na kwao. Mmoja hutangulia akatupa alama njiani, na wenziwe humwandama kama mbwa wanavyomwandama sungura. Mchezo wenyewe hauna neno, lakini mwisho wake ni bia, na bia imekuwa nusu ya chama. Vyama hivyo vimeenea duniani, hata Nairobi na Dar es Salaam viko. Kijana mpweke akialikwa huko ataona makundi ya watu wacheshi, naye ataingia kwa njaa ya wenzi, si kwa kiu ya pombe. Na mwenye njaa haulizi kilichomo chunguni. Sote twaujua mfano aliotupa Mtume (S.A.W.) wa muuza miski na mfua chuma, wala hakuutoa kwa ajili ya watoto peke yao.

Kijana alinijibu kwa adabu. Alisema, "Mjomba, mimi huvaa suruali ndefu mpaka kwenye fundo la mguu, na hapana aliyeniuliza kwa nini. Wanawake wapo, kama walivyo barabarani na ndani ya basi, na macho yangu ni amana yangu. Wakimaliza hunywa kahawa na chai. Ukinambia niwache nitawacha." Neno hili la mwisho lilinizidi nguvu. Nikamwuliza mama yake shauri, naye akanijibu kwa ufupi: "Jumamosi akinipigia, sauti yake huwa nzima. Mwache." Nami nikakumbuka yaliyomo katika Sunan ya Abu Daud, ya kuwa Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, naye Bibi Aisha akamshinda, na siku nyingine, Bibi alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda yeye. Basi nikanyamaza. Na kwa mabinti zetu walio huko niongeze ya kuwa London kiko chama cha mbio cha wanawake wa Kiislamu kiitwacho Asra. Kwa hiyo mwenye kuona haya ya kuchanganyika anayo njia yake.

Nimemwuliza mpwa wangu mara nyingi: Urafiki wenyewe ulikuja vipi? Mbona msikitini haukuja, na jikoni haukuja, ukaja bustanini? Jibu lake limenifunza jambo. Asema majuma ya kwanza hakuzungumza na mtu. Lakini yeye si mwepesi. Kilomita 5 huzimaliza kwa dakika 34 hivi. Na wako wengine ambao nao dakika zao ni hizo. Kwa hiyo kila Jumamosi, katika mamia ya watu, hujikuta ubavuni mwa watu wale wale watano au sita. Juma la pili wakatikisa vichwa. Juma la nne wakaulizana majina. Hakuwachagua yeye, wala hawakumchagua wao. Ni mwendo wao uliowakutanisha.

Tena asema ya kuwa mtu mpweke hawezi kujialika kwa watu. Akikaribishwa hudhani anahurumiwa, na akinyamaziwa hudhani anachukiwa. Lakini mahali ambapo saa ni ile ile, njia ni ile ile, na mlango hauna mwenyewe, huenda bila ya kualikwa. Na mazungumzo ya watu wanaokwenda bega kwa bega si kama ya watu wanaotazamana uso kwa uso. Maneno hutoka mafupi mafupi, pumzi ikikatika mtu hunyamaza, na kunyamaza hakuwi aibu.

Ramadhani ya mwaka 2025 iliingia mwanzo wa Machi. Mpwa wangu aliona kukimbia saa tatu ya asubuhi, hali amefunga na ametoka katika kazi ya usiku, ni kujitia tabuni bure. Akaomba kazi ya kujitolea. Mbio hizi zasimamiwa na watu wasiolipwa: wengine wasimama kwenye kona kuonyesha njia, wengine washika saa, wengine wasoma vile vikaratasi. Yuko na mmoja ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, ili asiwepo mgeni atakayeingia wa mwisho. Akapewa kizibao cha manjano akasimamishwa kwenye kona, na watu wote wakampita wakimshukuru mmoja mmoja. Siku ile, asema, ndiyo aliyojulikana. Alipokuwa akikimbia alikuwa mmoja wa mamia. Aliposimama akahudumu, kila mtu alimwona uso.

Baada ya kazi wakamkaribisha kahawa, akaikataa. Kwenye meza ile yuko na mzee mmoja wa miaka zaidi ya sitini, aliyekuwa dereva wa basi kabla ya kustaafu, mwenye mwendo wa dakika 34 kama yeye. Waingereza, kwa desturi yao ya kukata majina, walikuwa wakimwita kwa herufi mbili tu, na mpwa wangu alimdhania kuwa ni Mhindi asiyekuwa Mwislamu. Mzee naye aliikataa kahawa. Wakatazamana. Mzee akasema, "Assalaamu alaykum." Kumbe miezi yote hiyo walikuwa wakisali Ijumaa katika msikiti mmoja, na mara mbili tatu, walipokumbushana, katika safu moja! Jioni ile mpwa wangu alifuturu nyumbani kwa mzee, pamoja na wanawe na wajukuu zake, naye alinipigia akanionyesha sufuria ya wali kwa simu ya picha kana kwamba ni ya dhahabu.

Yuko na mwalimu mmoja wa Kiingereza, mama mtu mzima aliyestaafu, yule yule aliyempigia makofi siku ya kwanza. Jumamosi iliyofuata hakugusa kikombe chake mbele yao. Mpwa wangu akamwambia, "Bibi, kunywa, kahawa yapoa, mimi ndiye niliyefunga." Akajibu ya kuwa hawezi kunywa mbele ya kijana mwenye kiu. Wakavutana hivyo mpaka kahawa ikamwagwa.

Sasa naingia katika sehemu iliyo nzito kwangu.

Mwezi wa Agosti, mwaka 2025, dada yangu alifariki dunia. Aliugua siku mbili tu. Alikufa baada ya Alasiri, na asubuhi yake tukamzika, kama ilivyo sunna kuharakisha. Kutoka London mpaka Dar es Salaam ni safari ya usiku kucha na zaidi, na kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga ni basi. Hata kama tiketi ingalikuwa mkononi mwake saa ile asingaliuwahi mwili. Mimi ndiye niliyempa habari. Nasema kweli, kumwosha maiti na kumteremsha kaburini hakukunitetemesha kama ile simu.

Baada ya kuzika nikampigia, nikiogopa nitakachokikuta. Nikaona chumba kimejaa. Mzee wa Kipakistani alikuwa ameketi kitandani na mwanawe mmoja. Usiku ule hawakumwacha alale peke yake, na baada ya sala ya Isha jamaa wa msikiti walimwombea marehemu dua. Kwenye sakafu walikuwa wameketi yule mama mwalimu, kijana mmoja Mkristo wa Nijeria, na fundi wa mabomba kutoka Poland. Mzee alikuwa amewaambia kwetu matanga ni kukaa tu, basi walikuwa wamekaa. Chakula walikuwa wamekinunua katika duka la nyama iliyochinjwa kwa sheria, baada ya kumwuliza mzee dukani ni wapi. Yule Mpolandi, kwa kuwa hakujua la kusema kwa Kiingereza chake kidogo, alishuka jikoni akaosha vyombo vya nyumba nzima, hata vya wale wapangaji wanne wasiojuana majina. Wapangaji walipokuja kuuliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakapanda juu kutoa pole. Hivyo ndivyo alivyowajua majina, baada ya miezi kumi.

Jumamosi ya juma lile alikwenda bustanini, hakukimbia. Alitembea nyuma kabisa pamoja na yule mwenye zamu ya kuwa wa mwisho, kilomita zote 5, wala hapana aliyemtaka azungumze.

Sikuandika haya ili vijana waambiwe waukimbilie kila mkusanyiko wa wageni, wala ili msikiti uonekane umeshindwa; mzee yule ni mtu wa msikiti, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Bali naona sisi tulio nyumbani tunayo sehemu yetu. Mzazi mwenye mtoto ng'ambo na amwulize majina. Asiridhike na kuambiwa "wapo watu wazuri". Amwulize ni nani, wanakutana siku gani, wanakula nini. Kijana asiyeweza kutaja hata jina moja yuko katika hatari ambayo fedha anazoleta haziionyeshi. Na anayetaja majina, tusiwe wepesi wa kumkemea kama nilivyokuwa mimi, kabla ya kujua ni chama cha namna gani.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia. Yuko jirani yetu anayesafiri kwenda London, naye ataka tumpe kashata za nazi na halwa awapelekee jamaa zake wa Jumamosi. Nikamwuliza ni watu wangapi, ili mkewe ajue nazi za kununua. Akaanza kuwahesabu kwa majina, mmoja mmoja, na huyu anavyopenda na yule asivyoweza kula sukari. Alipofika wa kumi na saba simu ikakatika. Mkewe hakungoja apige tena. Alikuwa ameshaketi kwenye mbuzi, anakuna.